Silva za Mojamoja

Kila asubuhi, kabla hajagusa mtungi wa gesi, Siwema huweka kaa moja la moto kwenye kifuniko cha kopo, hudondoshea punje mbili za ubani, kisha hukiweka kifuniko juu ya meza ya kazi. Halafu husimama mikono kiunoni akiutazama moshi. Ukielekea mlangoni, yeye husogeza kiti chake upande wa dirisha. Ukielekea dirishani, huhamia upande wa mlango. Ukizubaa tu juu ya meza bila kujua uende wapi, hawashi moto wowote mpaka upepo wa mlima Loleza ushuke, hata kama mteja amekaa pale nje anang'ata kucha.

Wauza mitumba wa jirani, pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, husema Mama Asmaa, kama wanavyomwita, anafukiza ili avute wateja. Wengine husema anafukuza kitu. Yeye huwaacha waseme. Akimaliza kuutazama moshi, huvaa miwani yake ya kazi, hufunga ushungi vizuri nyuma ya shingo, na huanza.

Siwema ni fundi friji. Huziba mabomba ya shaba yaliyotoboka na huunga yaliyokatika, kwa fimbo nyembamba za fedha iliyochanganywa na shaba na zinki, ambazo mafundi wote huziita silva. Hakuzaliwa na kazi hii. Mpaka alipofika miaka arobaini alikuwa akiuza vitenge, na jambo pekee alilolijua kuhusu friji ni kwamba usipofunga mlango wake vizuri umeme unaisha. Fundi alikuwa mumewe, Nasri.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa sita, Nasri aliitwa kiwanda kidogo cha maziwa nje ya mji wa Iringa. Chumba chao cha baridi kilikuwa kinavuja gesi, na mabomba yake mengi yalitakiwa kuungwa upya. Kwa anayeijua Iringa mwezi wa sita, upepo wake hauna adabu. Ulikuwa ukiingia mle chumbani, unauyumbisha moto na kupoza bomba kabla silva haijayeyuka. Nasri akafanya ambalo fundi yeyote angefanya. Akafunga mlango.

Alichoma silva tangu saa tatu asubuhi mpaka alasiri. Kila baada ya saa moja na nusu msimamizi alimpelekea pakiti ya maziwa mgando. "Kunywa, fundi, yaoshe kifua." Hakuwa na nia mbaya. Kuanzia Mbeya mpaka Ruaha Mbuyuni huwezi kumpata fundi wa moto asiyeamini kwamba maziwa hukomba sumu ya moshi. Kuna wanaomwambia mteja kabisa, bei ni hii, na maziwa juu yako. Nasri alikunywa pakiti nne, akashukuru, akafungasha mkoba wake.

Magharibi ile alianza kutetemeka. Akadhani ni malaria, akanunua dawa ya malaria. Kesho yake kifua kilimbana kama amefungwa kamba. Siku ya tatu wakamfikisha hospitali, na Siwema akapanda basi kutoka Mbeya. Siku ya tano Nasri akafariki, akiwa na miaka arobaini na sita, mtu ambaye hakuwahi kuvuta sigara.

Daktari aliyempokea Siwema alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimuuliza, "Mama, huyu baba alichoma nini?"

"Silva."

"Silva ya aina gani?"

Siwema hakujua kama kuna aina.

Alikaa eda yake Mbeya, miezi minne na siku kumi, na waliokuja kumpa pole waliona mjane mtulivu na tasbihi mkononi. Hawakuona kilichokuwa chini ya mto. Zilikuwa fimbo nne za silva zilizofungwa kwa mpira, alizozikuta kwenye mkoba wa Nasri. Zilikuwa tano. Ya tano aliichukua binti yake, Asmaa, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa kemia, akampelekea mwalimu wake chuoni aipime.

Asmaa ni mtu wa maneno machache. Hata majibu yale hakuyasoma kwa sauti. Alimwekea mama yake karatasi mapajani na kumwonyesha mstari mmoja kwa kidole. Karibu sehemu moja kwa tano ya fimbo ile ilikuwa kadimiamu.

"Ni metali laini, mama. Wanaichanganya ili fedha ipungue, na ili silva itiririke kwa moto mdogo. Ikipata moto mkali inageuka moshi. Na moshi wake haukuwashi wala haukukimbizi. Unauvuta tu."

"Na maziwa?"

"Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi unakwenda kwenye mapafu."

Siwema aliikunja karatasi mara nne, akaiweka pamoja na zile fimbo. Siku zilizobaki za eda alizimaliza akimfikiria mtu mmoja ambaye hakuwahi kumwona.

Mtu huyo alikuwa Mzee Obeid, mwenye duka la vipuri vya friji mjini Iringa, ambaye msimamizi wa kiwanda alisema ndiye aliyemuuzia Nasri silva. Siwema alifika dukani kwake wiki ile ile aliyotoka eda. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, kisu kidogo mkononi, maboksi ya silva mbele yake. Alikuwa akifungua pakiti moja baada ya nyingine. Kila pakiti ilikuwa na kikaratasi cha njano chenye picha ya fuvu la mtu na maandishi mengi. Obeid alikibandua kwa ncha ya kisu, akakitupa kwenye ndoo, akazimwaga fimbo kwenye kopo refu, zikasimama kama vijiti vya ufagio. Hivyo ndivyo zinavyouzwa, mojamoja. Fundi hanunui pakiti. Ananunua fimbo mbili za kazi ya leo, tatu akiwa na kazi kubwa, na pakiti haioni maisha yake yote.

"Karibu mama, nikupe ngapi?"

"Mimi ni mjane wa Nasri, fundi wa Mbeya. Alinunua silva kwako mwezi wa sita."

Obeid akaweka kisu chini. "Pole sana, dada yangu. Nilisikia. Kazi ya Mungu."

"Hicho kikaratasi unachobandua kimeandikwa nini?"

"Aa, hayo mambo ya viwandani huko. Wanaandika tu wajikinge."

"Kimechorwa fuvu."

"Mama, mimi si daktari. Nauza nilichopokea. Mafundi wote wa nyanda hizi wanatumia silva yangu, na wapo, wanaoa, wanazaa." Kulikuwa na wateja wawili wameegemea kaunta, na Obeid, kama mtu anayetaka kumaliza jambo kwa utani, akawageukia. "Labda marehemu maziwa hakunywa ya kutosha."

Mmoja wa wale wateja akacheka puani.

Siwema aliondoka bila kuaga. Alijaribu njia zinazojulikana, polisi na ofisi za serikali. Kila alipofika aliulizwa risiti, na silva za mojamoja hazina risiti. Hapo akaacha kutafuta njia zinazojulikana. Alijua anachotaka, na hakikuwa fidia. Alitaka Obeid aseme kwa kinywa chake, mbele ya mafundi, kwamba alijua.

Akaanza kwa kujifunza kazi.

Aliyemfundisha ni Asukile, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyekuwa rafiki wa Nasri, mtu mnene, mcheshi, anayeongea na mabomba kama anaongea na ng'ombe. "Bi mkubwa, moto huu haujui kwamba wewe ni shemeji yangu," alimwambia siku ya kwanza alipounguza ncha ya khanga. Siwema hakucheka. Aliagiza Dar es Salaam pakiti nzima ya silva isiyo na kadimiamu, ambayo badala yake wametia bati kidogo na fedha zaidi, na akadai afundishwe kwa hiyo tu.

Silva ile ilimtesa. Ya Obeid ukiigusisha bomba inakimbia yenyewe kama maji kwenye mfereji, hata fundi mbovu anaonekana hodari. Hii ilijikunja ikawa vipele juu ya bomba na kukataa kuingia kwenye kiungio.

"Silva yako ina kiburi," alisema Asukile. "Tena kiburi cha bei ghali."

"Nasri angeiweza."

"Nasri angekunywa chai kwanza. Nawe kanywe."

Hakwenda kunywa chai. Ilimchukua miezi minane kujua kwamba silva haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la mafundi, waliozoea kuchomeka mabomba yaliyolegea na machafu, wakiiachia kadimiamu izibe uvivu wao. Ukilisugua bomba kwa msasa mpaka ling'ae, ukahakikisha mabomba mawili yameshikana kiasi cha kupitisha unywele tu, ukapasha bomba lenyewe badala ya kuichoma fimbo, ukangoja mpaka flaksi, ile dawa nyeupe ya kupaka, igeuke angavu kama maji, hapo ukiigusisha silva inaingia yenyewe kimya kimya. Siku alipofanya viungio ishirini mfululizo bila hata kimoja kuvuja, Asukile alivikagua kimoja kimoja, akavua kofia.

"Sasa unataka nini, shemeji?"

"Wateja wa Obeid."

Akaanza na Nyololo, kwa fundi mmoja wa mafriji ya bucha. Akaenda Kilolo. Akateremka mpaka Ruaha Mbuyuni, kwenye joto, kwa wanaotengeneza majokofu ya barabarani. Kokote alikofika alifanya kitu kimoja. Aliunga bomba mbele ya watu, akalijaza gesi, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji lisitoe hata povu moja. Kisha akatoa picha ya Nasri. Na kabla ya kuondoka alihakikisha fundi amezitoa mwenyewe silva za Obeid mkobani na kuzikunja mara mbili, na Siwema alikuwa akizitazama zikikunjwa kwa raha ambayo hakuificha. Mchungaji mmoja wa Kilolo alimsifu, akamwambia anaokoa maisha ya watu.

"Siokoi mtu, Mchungaji," alijibu Siwema. "Namfilisi mtu."

Mwaka wa tano kopo la Obeid lilikuwa limeanza kukaa na vumbi, na maneno yake yalianza kumfikia Siwema. Kwamba yule mjane ana chuki. Kwamba amerogwa na huzuni. Kwamba anauza woga ili auze silva yake ya bei mbaya. Siwema alifurahi. Mtu anayejibu ni mtu anayeumia. Akampigia simu Aroni Kalinga, fundi Mhehe mwenye karakana kubwa Kihesa, muumini wa Kilutheri anayeheshimiwa na mafundi wote wa Iringa, akamwomba aitishe mkutano Jumamosi asubuhi.

"Na Mzee Obeid umwite," alisema. "Mwambie aje anijibu mbele ya wateja wake."

Obeid alikuja. Alikuja na koti, na fimbo za silva kama hamsini zimefungwa kwa mpira, na alipoingia mafundi walisimama kwa mazoea, wakamwamkia kwa Kihehe. "Kamwene, mzee." "Kamwene, wanangu." Walikuwa mafundi ishirini na saba, wamekaa juu ya majokofu mabovu na ndoo zilizopinduliwa. Asmaa alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo, mikono ndani ya mtandio.

Obeid alianza mwenyewe. "Wanangu, silva hii nawauzia mwaka wa kumi na tano. Aroni, nilikuuzia ukiwa hujaoa. Nani hapa amekufa?"

"Marehemu hawakuja mkutanoni," alisema Asukile, na watu wakacheka.

"Nauliza kwa uzito! Mama huyu amefiwa, nampa pole mpaka leo. Lakini kufiwa si cheti cha udaktari. Moshi ni moshi. Unakunywa maziwa yako, unalala, unaamka."

Siwema alinyanyuka. Hakutoa karatasi ya Asmaa wala picha. Alifungua mfuko wake akatoa pakiti nne za maziwa mgando, akazipanga juu ya jokofu mbele ya Obeid.

"Mzee Obeid, sina maneno mengi. Stoo ya Aroni ile pale haina dirisha. Tochi ya gesi hii hapa, mabomba yapo, silva umekuja nazo mwenyewe. Ingia, ufungiwe mlango, uunge viungio sita tu. Nasri aliunga zaidi ya arobaini. Maziwa nimekuletea, nimezidisha. Ukitoka, mimi nitawaomba radhi mafundi wote hawa na nitarudi kuuza vitenge."

Fundi mmoja akapiga makofi. "Haki kabisa! Mzee, si ulishawahi kuwa fundi? Tuonyeshe!" Wengine wakadakia. "Viungio sita tu, mzee, hata chai haipoi!" "Tutakushikia koti!" Yalikuwa masihara kwao, walidhani ni mashindano. Siwema hakuwa na masihara, na aliyelijua hilo mle ndani alikuwa mmoja tu, Asmaa kule nyuma.

Obeid alitazama nyuso zile zote, nyuso zilizokuwa zikimwita mzee kwa miaka kumi na tano. Akavua koti. Akaichukua tochi na bando lake la silva, akaingia stoo. Siwema akaufunga mlango, akaweka mgongo wake pale.

Walisikia tochi ikiwashwa, ule mvumo wa moto unapopata oksijeni. Wakangoja. Aroni Kalinga aliacha kucheka mapema kuliko wengine, alisogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, yatosha sasa. Mwache atoke." Siwema hakusogea. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika komeo. Moto uliendelea kuvuma ndani. Hakuna aliyejua kama unaunguza silva au unaunguza hewa tu.

Kisha mvumo ukakatika, na mlango ukagongwa kwa ngumi.

Siwema aliufungua taratibu. Obeid alitoka jasho likimtiririka, na mkononi fimbo zake zote zilikuwa nzima, mpira haujafunguliwa.

"Huu ni uwendawazimu!" alifoka. "Mwendawazimu gani anachoma silva hizi kwenye chumba kisicho na hewa?"

"Nasri," alisema Siwema.

Aroni akasogea mbele, akamtazama mzee usoni. "Umesema silva hizi. Zina nini hizi, mzee?"

"Aroni, mwanangu..."

"Mdogo wangu anakojoa damu mwaka wa pili sasa. Figo. Silva anachukua kwako. Nakuuliza kwa heshima. Ulijua?"

Obeid alifuta jasho kwa mkono wa shati. Alitazama mlango wa nje, na njiani kulikuwa na mafundi. Aliposema, alisema kwa hasira, kama mtu aliyenyang'anywa kitu chake.

"Nilijua! Nani asiyejua? Imeandikwa kwenye pakiti! Nikiwaletea isiyo na ile kitu mnasema ghali, mnasema haitiririki, mnakwenda duka la pili. Ninyi ndio mliotaka rahisi!"

Alivaa koti lake, akalikosea kifungo. Mafundi walimpisha. Mmoja alifungua mkoba, akatoa fimbo tatu, akazitupa miguuni kwake, kisha mwingine, na Obeid akapita juu ya fimbo hizo zikilia chini ya viatu vyake mpaka barabarani.

Siwema alikuwa ameambiwa na wengi kwamba siku hiyo ikifika ataona haina ladha, kwamba moyo utabaki mtupu vilevile. Alisimama pale akaupima moyo wake, akauona umejaa. Alikuwa na njaa pia. Mke wa Aroni alileta ugali na maharage na mboga ya maboga, na Siwema alikula kama mtu aliyetoka shamba, huku mafundi wakimzunguka awaonyeshe namna ya kusugua bomba, wakizozana nani aanze.

Walipoanza kutawanyika, mama na binti walibaki wamekaa kwenye ngazi ya karakana wakisubiri Asukile alete gari. Jua la saa nane lilikuwa kali lakini upepo ulikuwa wa baridi. Chakula chake Asmaa alikuwa amekichokonoachokonoa tu. Alikuwa akiutazama mkono wa kulia wa mama yake, uliokuwa na alama nyekundu kiganjani kwa jinsi ulivyolibana komeo.

"Mama," alisema, "angeanza kuzichoma kweli, ungemfungulia?"

"Hapana."